Kikaratasi cha Njano Chini ya Toroli

Miaka kumi na tisa Maman Régine alifunga usukani wa magari kiwandani kule kwenye kitongoji cha Forest. Si kwamba aliwaona wenzake wakifunga. Alifunga yeye, kwa mikono yake miwili, mpaka siku kiwanda kilipofunga milango. Halafu leo anakuja mtu na karatasi kumwambia kuwa hajui kukata kona. Jamani, kuna watu hawana haya!

Mtu mwenyewe ni Monsieur Mansour, shefu, yaani mkuu, wa usafirishaji katika hospitali moja huko Jette. Ndiko Régine alikopata kazi baada ya kiwanda: kuendesha kigari cha umeme kinachovuta matoroli manne ya mashuka kwenye korido za chini ya ardhi, nyembamba, zenye kona kali kila mahali. Matoroli yale yameundwa kwa akili. Magurudumu ya mbele yakipinda kushoto, chuma kilichopita chini kinayapinda ya nyuma kwenda kulia, na toroli zima linafuata palepale kilipopita kigari. Miezi minne Régine hakugusa ukuta hata kidogo.

Kisha wakaja wageni wa ukaguzi, wakasema matoroli yanayumba kwenye njia iliyonyooka. Kesho yake magurudumu ya nyuma ya kila toroli yalikuwa yamezuiwa kwa pini, na kila pini imefungwa kikaratasi cha njano: marufuku kugusa. Kuanzia hapo, kila kona toroli la mwisho lilikatiza na kwenda kukwangua ukuta. Siku moja likavunja fremu ya mlango. Mansour akampa Régine onyo la kwanza lenye saini yake, wiki iliyofuata la pili. Sababu iliyoandikwa: dereva hana ustadi. La tatu ni kufukuzwa.

"Maman Régine, toa tu ile chuma ya pini," alimwambia Anaclet, anayefanya kazi sehemu ya kufulia. "Nani ataona?"

"Apana. Kule usine, kiwandani kwetu, karatasi ya jaune anaitoa ule mwenye aliifunga. Ukiitoa weye, mwenzako anakatika mukono. Sigusi."

"Alors, utafukuzwa juu ya karatasi?"

"Juu ya uongo, Anaclet! Na ule uongo siusaini."

Jumatatu Mansour akaja na onyo la tatu na kalamu. Régine hakupokea. Alichukua ndoo, akamwaga maji kabla ya kona, akapanda kigari, akapita taratibu. Kisha akashuka kumwonyesha alama za magurudumu sakafuni. Za kigari zilizunguka vizuri katikati ya korido. Za toroli la mwisho zilikwenda moja kwa moja ukutani.

"Niambie, Monsieur Mansour, ustadi wangu umekosea wapi hapo?"

Mansour akakohoa. "Pini ni za usalama."

"Nani alizifunga?"

"Ofisi."

"Ofisi haina vidole!" Régine akapiga magoti, na goti lenyewe linamuuma, akageuza kikaratasi. Nyuma yake palikuwa na saini, ileile iliyokuwa kwenye maonyo yote mawili aliyopewa.

Uso wa shefu ukamwiva. Aliinama akazing'oa pini mwenyewe, zote nne, suruali yake ya ofisini ikilowa maji. Régine akapita tena kona ileile, na safari hii alama za nyuma zikalala juu ya za mbele. Anaclet akapiga makofi kule kwenye mlango wa sehemu ya kufulia.

"Basi, yaishe," alisema Mansour, akikunja onyo la tatu. "Tusahau."

"Tusahau!" Hasira ikampanda Régine upya. "Na yale mawili yaliyo kwenye faili yangu, nayo yatajisahau? Kayalete. Futa jina langu, uandike la aliyefunga pini."

Mansour akaenda kuyaleta. Akayatandaza juu ya mashuka safi, akafuta, na huku Régine amesimama kando yake mikono kiunoni, akaandika jina lake mwenyewe, mara mbili.