Jiwe Lililomvua Sajenti Suruali

Jamani, mimi nimeona jiwe likimvua sajenti suruali mbele ya wakwe zake.

Msicheke bado. Kampala ya wakati ule, kucheka kwenyewe kulikuwa na hatari yake.

Naitwa Erinayo, kinyozi wa Kamwokya. Miaka ya sabini, jeshi likiwa limeshika nchi, nyembe za dukani ziliadimika kabisa. Watu wakarudi kwenye wembe wa kukunja, ule wa zamani. Na wembe wa kukunja bila jiwe la kunolea ni kijiko tu.

Jiwe langu lilikuwa la asili, la kijivu, laini kama sabuni. Marehemu baba alilichimba mwenyewe huko Ssingo. Vinyozi wenzangu walinionea wivu hao!

Sasa, Sajenti Dawudi akamwona dada yangu Nabukalu sokoni. Hakuuliza kama anapendwa. Alikuja nyumbani na bunduki, akasema Jumamosi analeta posa.

Nani amwambie hapana? Jirani yetu mmoja aliwahi kuwaambia wanajeshi hapana, akapakiwa kwenye gari, na hadi leo hatujaliona kaburi lake. Dada alilia mpaka sauti ikamkauka. Moyo uliniuma sana, lakini ningefanya nini?

Ijumaa sajenti akaja kibandani kwangu.

"Wewe kinyozi, leta wembe na ile jiwe."

"Kaa nikunyoe, afande."

Akacheka. "Shemeji ashike wembe kwa koo yangu? Mimi si mjinga! Fundisha, mimi nanoa mwenyewe."

Hapo shetani wangu akaamka.

Nikamfundisha kwa upole wote. Lowesha jiwe maji. Laza wembe, mgongo na makali viguse jiwe. Sukuma, makali yatangulie, kama unalinyoa jiwe lenyewe.

"Halafu?"

"Halafu unamalizia kwenye mkanda wa ngozi, afande. Hata huo wako unafaa."

"Namna gani?"

"Vilevile. Makali mbele."

Uongo mtupu! Kwenye ngozi wembe unaburutwa kinyume, mgongo mbele, makali nyuma. Ukitanguliza makali, unaichana ngozi. Kila kinyozi analijua hilo. Nilitaka tu aharibu wembe, aje ukweni na kidevu kilichoparurwa na kuku.

Akaondoka na wembe wangu na jiwe langu, hata asante hakuna.

Jumamosi akafika na askari wake, uso umejaa vipande vya gazeti kila alipojikata. Wazee walikuwa wamemwambia avae kanzu, ndiyo heshima ya Kiganda. Akakataa. "Jeshi haiwezi kuvaa gauni!" Akaja na magwanda, suruali pana, bastola nzito inaning'inia kwenye mkanda uleule alionolea wembe.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani. Ukivunja mwiko huo unashikwa na buko, ugonjwa wa kutetemeka usio na dawa ya hospitali. Kwa hiyo mama alikaa chumbani, pazia likiwa mlangoni.

Sajenti alileta gunia la sukari. Sukari, wakati ule! Akataka tumwone mwanaume. Akainama, akalibeba mwenyewe hadi begani.

Pwa!

Mkanda ukakatika vipande viwili. Bastola chini, suruali chini. Na chupi hakuvaa, nadhani nazo zilikuwa zimeadimika madukani.

Askari wake waliuma midomo. Nikajua tumekwisha, kwa aibu hii atatumaliza wote.

Ndipo mama akapiga yowe kule ndani.

"Banange, nimeona! Nimeona uchi wa mkwe wangu! Buko imenishika!"

Pazia lote likatikisika, vikombe vikalia kabatini.

"Na yeye itamshika! Buko haili mmoja!"

Sajenti akaangusha gunia, akashika suruali, akaitazama mikono yake. Inatetemeka!

Mzee wetu msemaji akatikisa kichwa. "Ssebo, bwana wangu, hapa hakuna ndoa tena. Ukimchukua binti huyu, mtakufa wewe na mama yake."

Jamaa alitoka mbio, kashikilia suruali. Kesho yake askari mmoja aliniletea jiwe langu limefungwa kwenye kitambaa, ati mkubwa wake anaogopa hata kuligusa, lisimletee buko. Kamwokya hakukanyaga tena. Sukari ilibaki, tukanywa chai.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama chumbani kumpa pole. Nikamkuta anamenya karanga.

"Mama, uliona vibaya sana?"

"Nione nini, mwanangu? Nilikuwa nimegeukia ukuta, ndiyo desturi. Nilisikia kitu kimekatika, shangazi yako akaguna huko sebuleni, nikajua ni suruali."

"Na kutetemeka kule?"

Akaacha karanga.

"Kule kulikuwa kwa kweli, Erinayo. Nimetetemeka tangu siku aliyokuja na bunduki. Leo nimepata tu ruhusa ya kuonyesha."

Funzo? Fundi akikufundisha bila kukugombeza hata mara moja, mtilie shaka. Na mama aliyekaa kimya chumbani, huyo mwogope zaidi ya kinyozi.