Rota ya Gari la Kibaha

Watu wema husema samehe usahau. Kusamehe nitajaribu, ila kusahau siku ile ya Kisarawe sitaki, kwa sababu ilikuwa tamu mno.

Mume wangu aliponipa talaka alirudi kwao Kisarawe, nyumbani kwa mama yake, na huko akaoa haraka kana kwamba anawahi basi. Mimi nilibaki Kibaha na sufuria zangu. Napikia wafanyakazi wa viwandani Zegereni chakula cha mchana, na chakula hicho hubebwa na gari dogo la zamani, la kabureta, tulilonunua pamoja kwa jasho la wote wawili. Kadi ya gari iliandikwa jina lake. Siku hizo nilikuwa nampenda, sikuona haja ya kuuliza.

Siku aliyokuja kuchukua nguo zake, gari lilikuwa limetoka Zegereni mchana uleule bila hata kukohoa. Nilikuwa chumbani namkunjia mashati, maana hata talaka haikuniondolea ujinga huo. Yeye alikuwa uani, boneti juu, akasema anaangalia maji ya rejeta. Nikamshukuru! Asubuhi yake napiga stata, injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki.

Nikaanza kupeleka chakula kwa bajaji. Mchuzi ulimwagika njiani, wali ulifika umepoa, na wateja wangu wakaanza kumtazama mama mwingine aliyepanga meza zake karibu na geti. Nilijua gari likiendelea kulala, biashara nayo italala.

Katikati ya mashaka hayo nikapata habari kutoka Kisarawe. Mtalaka wangu alikuwa amewaambia ndugu zake kwamba nimeliua gari kwa kutojua kulitunza, na sasa analitaka akaliuze chuma chakavu. Kwao neno la mwisho ni la mjomba, na mjomba wake ni mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Mzee akanipigia simu. Akasema Jumamosi kutakuwa na kikao. Gari likiwa zima, libaki kwangu kwa kuwa ndilo jembe langu. Likiwa mzoga, mwenye kadi aje aburute mzoga wake.

"Na mwenzako amekubali," akaongeza. "Tena hata hakubisha."

Huyo mtu nimeishi naye, na hajawahi kukubali jambo bila kubisha, hata bei ya mchicha. Nikajua kuna mchezo.

Nilimwita fundi kutoka mtaa wa Kwa Mathias. Alinusa akasema mafuta yanafika. Akachomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini na kuniambia nipige stata huku yeye akiikodolea macho. Hakuna cheche. Akajaribu nyingine, hakuna. Kisha akachomoa ule waya mnene unaotoka kwenye koili, akausogeza karibu na chuma, nikapiga tena. Ta! Ta! Cheche za buluu zikaruka, nikaziona mwenyewe kupitia upenyo wa boneti.

"Koili nzima, moto unatoka," akasema. "Unapotelea humu kati, kabla ya kufika kwenye plagi."

Akafungua vibanio vya distributa, akainua kifuniko. Akatazama ndani, akacheka, kisha akaniona uso na kuacha kucheka.

"Mama, gari lako halijaharibika. Kuna mtu kachukua rota."

Rota ni kidude cheusi kinachotosha kiganjani. Kinazunguka mle ndani kikigawa moto kwa plagi moja baada ya nyingine. Bila hicho, gari ni kabati. Na mimi nilikuwa nakifahamu vizuri kuliko fundi alivyodhani. Harusini, msibani, popote tulipoegesha, mtalaka wangu alikichomoa kwa kuogopa wezi na kukitia mfuko wa shati. Ndiyo kinga ya madereva wa zamani. Masizi yake yaliganda kwenye mifuko ya mashati meupe, na aliyekuwa anayasugua kwa limau na sabuni ya mche ni mimi. Kumbe mwizi wa kuogopwa nilikuwa nalala naye.

Ningeweza kumpigia mjomba palepale, lakini ningemwonyesha nini? Shimo tupu? Mtu huyo angeapa kwa kila kiapo. Nilitaka ajifunge kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu anaowaheshimu. Nikanunua rota nyingine duka la spea, gari likawaka kwa stata moja, nikalizima. Kisha nikampigia simu.

"Bwana, gari limekufa kweli," nikasema kwa sauti ya kulia. "Jumamosi nisamehe tu."

"Nilikwambia," akajibu, na nikasikia akitabasamu.

Jumamosi nilivaa vizuri. Nikakata kona Kiluvya, nikapanda hadi Kisarawe, nikaingia uani kwao kwa honi na kuegesha mbele ya pikipiki yake kabisa, isiweze kutoka. Niliposhuka, kabla ya kuwasalimia wazee, nilifungua boneti kidogo, nikajifanya natazama maji. Rota ikahamia kwenye pindo la kanga yangu.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema mama mkwe, na kweli alifurahi kuniona.

Mtalaka wangu alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Macho yake hayakutoka kwenye lile gari. Kikao hakikuchukua muda. Mjomba alisema limekuja kwa magurudumu yake, basi ni langu. Ningeweza kuishia hapo. Mwanamke mwenye roho nzuri angeishia hapo.

"Bwana," nikasema, nikimnyoshea ufunguo, "naona nimekuzibia pikipiki. Nisogezee, wewe ndiye uliyelizoea."

Mjomba akamwashiria aende. Akapiga stata. Likazunguka, halikuwaka. Akapiga tena. Uso ukamchangamka.

"Si niliwaambia ni bovu?"

Kisha akafungua boneti. Hakunusa mafuta, hakugusa plagi wala koili. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye distributa, akafyatua vibanio, akainua kifuniko na kupiga kelele.

"Kachomoa rota! Jamani, huyu mwanamke kachomoa rota!"

Mjomba alisimama taratibu, akaenda kuinama kando yake.

"Gari lina magonjwa mengi," akasema. "Wewe umejuaje ni rota?"

Na hapo mama yake, maskini, ambaye hakujua lolote na alikuwa amekimbilia ndani aliposikia neno rota, akatoka mbio kumsaidia mwanawe, mkononi kopo la maziwa ya unga.

"Rota si hii, baba? Ile uliyonipa nikutunzie, ukasema ni ya gari la Kibaha?"

Mjomba aliitoa mwenyewe kwenye kopo, akaipachika, akafunga kifuniko, akanipa ufunguo bila kumtazama mpwa wake. Gari likawaka. Nilimwonea huruma mama mkwe, nikambusu mkono nikamwambia hana kosa. Huyo mwingine sikumwonea huruma wakati ule, wala sasa.

Nilirudi Kibaha na rota mbili, moja kwenye injini na moja kwenye pindo. Nilipokuwa nageuza gari nilimwona kwenye kioo, bado amesimama, anajipangusa vidole kifuani bila kujua, kanzu yote masizi. Limau na sabuni ya mche ndiyo dawa yake. Sikumwambia mtu.