Silinda ya Tatu

Tulikuwa wanne asubuhi ile kando ya barabara ya Ndera: mimi, mdogo wangu wa kike anayesoma sekondari, jirani yetu mshona nguo, na fundi wa magari aliyekuja kwa pikipiki na mkoba wa spana mgongoni. Wapita njia siwahesabu, ingawa walisikia kila kitu.

Pikapu ilikuwa imejaa kabichi za jiko la kiwanda kimoja huko Masoro. Mpishi alikuwa ameshaniambia kwamba nikifika tena baada ya saa nne, kazi anampa mwingine. Mimi niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, na kazi hiyo ndiyo inayomsomesha mdogo wangu. Saa mbili na nusu, katikati ya mlima, gari likaanza kumisi. Nakanyaga mafuta, injini inatetemeka, nguvu hakuna. Likasimama mbele ya mlango wa jirani.

Jioni iliyotangulia niliishiwa petroli karibu na hapo hapo, naye akanichotea lita mbili kutoka kwenye pikipiki yake. Kwa hiyo alipotoka na tepu yake shingoni, nilikuwa na jibu tayari.

"Mzee, petroli yako ina maji! Umeniua."

"Mwanangu, pikipiki yangu inakunywa hiyo hiyo."

"Basi nayo itakufa."

Watu wawili watatu wakacheka. Yeye aliokota jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi nyuma, kisha akaingia ndani.

Fundi alipofika nilimweleza habari ya petroli kabla hajashuka vizuri. Alinisikiliza, halafu akachota mafuta kidogo kutoka kwenye tangi, akayatia kwenye chupa inayoonyesha ndani na kuiweka juu ya ukuta. Tukangoja maji, kama yapo, yatue chini. Chini ya chupa hapakuwa na tone la maji.

"Dada, petroli haina kosa. Washa gari."

Akashika koleo lenye mpini wa mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba zaidi. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Wa tatu alipouchomoa, mlio haukubadilika hata kidogo.

"Silinda ya tatu. Huyu hafanyi kazi. Wenzake wanabeba kabichi, yeye amekaa tu."

Tukazima. Mpira wa kichwa cha waya ule ulikuwa unadondosha maji, na shimo la plagi lilikuwa na kidimbwi.

"Nani ameoga humu?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Jumatatu iliyokuwa inakuja tulikuwa na ukaguzi wa gari, na kwetu hakuna anayepeleka gari chafu kwenye ukaguzi. Usiku wa kuamkia asubuhi ile, baada ya mimi kulala, alilipeleka kuoshwa, akawaomba wapige maji ya nguvu hadi kwenye injini.

"Wanakagua breki, binti," fundi alimwambia. "Hawanusi injini."

Alifyonza maji kwa kitambaa, akapuliza shimo kwa pampu ya baiskeli, akaifungua plagi na kuikausha juu ya jiko la mama muuza chai wa pale barabarani. Aliporudisha waya, injini ikatulia. Nilitaka kumgombeza mdogo wangu, nikashindwa, maana alifanya kwa nia njema.

Saa ilikuwa tatu na nusu. Mlango wa jirani ulikuwa hatua chache tu, na cherehani yake ilikuwa inalia. Nikaitazama saa, nikapanda gari, nikaondoka.

Nilifika Masoro saa nne kasoro dakika tano. Mpishi alinionyesha mahali pa kushusha, basi. Kazi ikabaki yangu.

Wiki ile ile nilimsikia mteja akimtania jirani: "Mzee, bado unauza petroli ya maji?" Alicheka na kuendelea kupima suruali. Nimempelekea kabichi mara mbili, akapokea na kushukuru. Lakini nilimwaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu sijasema kwamba nilikosea. Hilo bado ananidai.