Pasi Iwe Hasi

Kutu, jamani, haina adabu. Marta, fundi cherehani wa Mlola, aliisugua pasi ya mkaa ya marehemu mama yake kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu, mpaka vidole vikachubuka, na kutu imekaa tu. Chini ya kutu hiyo, kwenye kifuniko, mama alichora jina lake kwa ncha ya msumari: SESILIA. Ndilo jina la binti wa Marta pia, anayeolewa Jumamosi kwenda Kwamkoro. Bibi alifariki kabla mjukuu hajazaliwa, na mjukuu ameomba kitu kimoja tu: aondoke na pasi ile, jina likisomeka.

Mpangaji wao, mwalimu Alen, ndiye aliyempa maarifa kabla ya kwenda likizo kwao Bukoba. Vunja jiwe la redio, toa kile kijiti cheusi cha kaboni. Waya mmoja ufunge kwenye kijiti, mwingine kwenye pasi, vyote vizame kwenye beseni la maji yenye magadi, kisha unganisha na betri ya sola. Kutu itabanduka yenyewe.

Maji? Si ndiyo yaliyoleta kutu! Marta akajaza beseni mafuta ya taa. Kimya. Akamwaga, akaweka spiriti ya kusafishia vidonda. Hata povu moja halikutoka. Kijiti kilekile, betri ileile, mbona vimenuna? Akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kijiti chako kimekufa, mwalimu. Nimekitia mafuta ya taa, nikakitia spiriti, wapi!"

"Hakijafa. Mafuta na spiriti havipitishi umeme, na utaunguza nyumba! Weka maji na magadi. Kijiti kitachakaa, maji yatakuwa meusi, usiogope. Ila pasi iwe hasi. Usisahau, hasi!" Mtandao ukakatika.

Sasa, Marta ni Mbondei wa Muheza, kaolewa tu huku milimani, na kwa Kibondei hasi ni chini. Akailaza pasi chini kabisa ya beseni, akaning'iniza kijiti juu yake. Nyaya akazifunga zilivyomjia: mwekundu kwenye pasi, maana ndio unaopendeza. Akatia magadi, na mkono wa mpishi haujizuii, akaongeza na chumvi. Loo, povu hilo! Akapiga kigelegele peke yake, akaenda mazoezi ya kwaya.

Aliporudi, maji yalikuwa tope jekundu. Kijiti, kilichoambiwa kitachakaa, kilikuwa kizima kabisa. Pasi ndiyo iliyoliwa. Kifuniko kilikuwa vishimo vitupu, hakuna S, hakuna A. Akapiga simu tena.

"Mama, pasi uliiweka hasi kweli?"

"Hasi kabisa! Ingeshuka zaidi ingetoboa beseni!"

"Na waya mwekundu ulikuwa wapi?"

"Kwenye pasi."

"Mungu wangu. Huo ndio chanya, mama. Hasi ni ule mweusi."

Mweusi, mwekundu, juu, chini: Marta hakuambulia kitu. Alichoelewa ni kimoja, kwamba jina la mama yake limeyeyukia kwenye beseni, na aliyeliyeyusha ni yeye. Akaketi sakafuni, akalia.

Binti yake akamkuta hapo. Akaitazama pasi, akalitazama beseni, akaketi naye.

"Nisamehe, mama," alisema Marta. Hivyo ndivyo alivyomwita binti huyo tangu azaliwe. Jina la mzazi wako utalitamkaje hivihivi, kama unamwita jirani? Mume wake aliita jina, shule iliita, kanisa liliita. Marta, mama tu.

"Hebu niite," binti alisema.

"Mama."

"Si hivyo. Kwa jina."

Marta akamkodolea macho. Akafungua mdomo, ukagoma. Akajaribu tena, kwa sauti ndogo.

"Sesilia."

"Abee, mama."