Wimbo wa Tatu wa Filamu Mpya

Mimi kwa nyimbo za filamu za Kihindi sina aibu. Filamu ikitangazwa, yenyewe wala siihitaji; nasubiri nyimbo. Nikizipata naegemeza simu kwenye cherehani, nashona huku natoa hukumu. Wateja wangu wa hapa Mtendeni wameshanizoea. Wakiniona nimesimamisha gurudumu na kufumba macho, wanajua gauni lao litachelewa.

Nyimbo za filamu hii mpya zilitoka Ijumaa. Wa kwanza, jamani, ni kelele tupu: mdundo wa disko, mwimbaji anabana pua, na katikati kijana anafoka Kiingereza kama amekanyagwa kidole. Wa pili una filimbi nzuri, ila wameirundikia vinanda mpaka haipumui. Nikasema kwa sauti, "Hawa watu siku hizi hawawezi kuacha kitu kikatulia." Mama alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, anachambua mchele kwa kuupapasa, maana macho yake yana mtoto wa jicho. Akacheka, akasema mimi na Wahindi wangu tutaachana siku ya kiama.

Wa tatu ulianza na sauti ya mwanamke peke yake, bila chombo chochote. Kabla hajamaliza mstari wa kwanza mwili ulinisisimka. Niliujua. Watunzi wa huko wana tabia ya kufufua nyimbo za zamani na kuzivalisha ala mpya, na huu walikuwa wameufufua. Nikatazama mlangoni. Vidole vya mama vilikuwa vimesimama juu ya ungo.

Hapa lazima nieleze jambo. Tabora tumekaa njiani tangu enzi za misafara, na kizuri kinachopita tunakishika. Mama na wenzake walikuwa na kikundi cha kuimba harusini. Mahadhi waliyatoa kwenye filamu za Kihindi, na baadaye kwenye kaseti, wakayatungia maneno yao ya Kiswahili. Kihindi hawakukijua hata neno. Hakuna aliyejisumbua kuuliza wimbo kwao unasema nini. Ukiwa mtamu, basi ni wa harusi, piga kigelegele twende.

Huu mama aliupata kwenye kaseti. Filamu yake haikuwahi kufika kwetu. Aliutungia maneno mwenyewe kwa harusi ya dada yangu, mtoto wake wa kwanza: nenda mwanangu, mlango u wazi, wenyeji wanakungoja. Dada aliupenda kupita kiasi. Siku ya harusi alisahau kuinamisha kichwa kama bibi harusi, akawa anapiga makofi na kuita, "Mama, rudieni! Rudieni!" Watu walicheka mpaka basi. Halafu mumewe akamchukua, wakaenda kukaa Nzega.

Kabla mwaka haujaisha alirudishwa amefunikwa shuka. Uzazi. Mtoto naye hakubaki.

Mama hakuimba tena, si harusini, si jikoni. Wenzake walikuja kumbembeleza, wakachoka. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu hata kuupiga mluzi wimbo ule. Lakini mimi niliendelea kuusikia. Niko nafua, au napita nje ya harusi ya watu, unakuja tu wenyewe, na ndani yake makofi ya dada. Nilikuwa naogopa. Sikumwambia mtu kwa sababu ningeonekana nimechanganyikiwa.

Sasa basi, video ya wimbo huu mpya ina maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Nilisoma mpaka kidato cha nne na Kiingereza kile kilinitosha. Mwanamke anamwosha binti yake aliyefariki. Anamwambia: nimekupaka hina, nimekuvika bangili, inuka basi, mbona hunijibu? Nikasimamisha gurudumu.

"Unasemaje?" mama akauliza. Maisha yake yote hakuwahi kuuliza.

"Mapenzi tu, mama. Hawa wana lingine? Kijana anamngoja mpenzi wake kwenye mvua."

Akausogeza ungo kando. "Usinidanganye mimi, mwanangu. Zima hiyo, uje ukae hapa."

Nikaenda kukaa. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. Harusini alikuwepo mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Wimbo ulipoanza yule mwanamke alilia, na mama akadhani ni furaha. Ulipoisha yule mwanamke akamfuata mama nyuma ya jiko, akamshika mkono: "Dada yangu, huu haimbiwi bibi harusi. Huu ni wa msiba." Alitaka kueleza zaidi, mama akamkatiza. Kule ukumbini dada anaita, rudieni, rudieni. Mama akarudi, akauanza upya.

"Niliimba nikijua," mama akasema. "Ningesema nini mbele za watu? Mtoto anacheka vile." Akasugua magoti yake. "Mimi ndiye niliyemwitia kifo, kwa mdomo wangu huu."

Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunaogopa wimbo mmoja, kila mtu na chumba chake. Nikaanza kumwambia mambo hayo ni ya Mungu. Akanikatiza.

"Hayo masheikh wameshaniambia. Mimi nataka kujua niliimba nini. Naogopa maneno hata siyajui! Nisomee."

Nikachukua simu, nikaurudisha wimbo mwanzo. Nilikuwa nausimamisha kila mstari, namwambia kwa Kiswahili. Hina. Bangili. Inuka basi. Mama alisikiliza kichwa kimeinama, hatikisiki. Nikafika pale mwanamke anapomimina maji: haya maji ni ya baridi, mwanangu, unisamehe.

"Ngoja," mama akasema.

Nikangoja.

"Yalikuwa ya baridi," akasema. "Siku ile nilimwosha mimi. Kuni zilikuwa mbichi, hazikushika. Nikamwogesha mtoto wangu kwa maji ya baridi." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi hakuna kifo nilichokiita. Yule naye ni mama tu, kama mimi."

Mteja mmoja alikuwa ameshafika mlangoni na kitambaa chake, kasimama, hata hodi hajapiga. Mama hakumwona. Akavuta pumzi, akaanza kuimba, kwa mahadhi yale yale, maneno niliyomtafsiria sasa hivi: maji ni ya baridi, mwanangu, unisamehe. Sauti ilikuwa imekwaruza, na pale juu ilimshinda. Nikazima simu, nikamsikiliza.