Mikono ya Mama na Mbwa Aliyepooza

Mbwa wetu alianguka siku aliyomfukuza ngiri kwenye mahindi yetu ya Masanze. Aliruka tuta, akalia mara moja, na alipojaribu kurudi nyumbani miguu ya nyuma ikawa inaburuzika. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo, sina kazi ila kuuliza. Mbona hana jeraha? Mbona mfupa haujavunjika na bado mguu hausimami? Baba akasema siku nikifa nitawachosha malaika wa kaburini kwa maswali kabla wao hawajaniuliza mimi.

Baba alikuwa amerudi kwenye jembe baada ya shamba la mkonge kusimamisha kazi likingoja mnunuzi, kama mashamba mengi ya Kilosa miaka ile ya ruksa, mali za serikali zilipouzwa. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu, na mbwa ndiye mlinzi. Akatamka wazi: "Mahindi yakianza kubeba na huyu bado anaburuza miguu, nitammaliza mwenyewe. Kumwacha hivi ndiyo ukatili." Nilimchukia siku nzima.

Kwanza tukamkanda. Kwetu mwili ukilala hukandwa, hakuna mjadala. Na mama ndiye aliyekuwa akiitwa kijiji kizima kuwakanda wazazi waliotoka kujifungua, kwa hiyo maji ya moto na majani ya mwarobaini hayakuwa mbali. Ila yeye hakumgusa mbwa. Alikuwa mtu wa swala tano, na mbwa kwake ni najisi. Hata bakuli la yule mbwa alilisukuma kwa kijiti. Akasimama mlangoni akimwelekeza baba: "Shuka chini kidogo. Kandamiza. Usimwonee haya." Baba akakandamiza. Mbwa akatoa mlio ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka, na jioni hata mkia, ambao asubuhi ulikuwa bado unatikisika, ukalala.

Kesho yake bwana mifugo akapita, akienda kwa wafugaji wa Tindiga. Zamani alikuwa anakuja na dawa. Sasa dawa zilikuwa zimehamia maduka ya watu binafsi, yeye akabaki na baiskeli na maneno. Lakini maneno yenyewe yalikuwa matamu. Alimpapasa mbwa mgongo mzima, kisha akaokota kipande cha muwa.

"Uti wa mgongo una pingili kama huu," akasema. "Kati ya pingili na pingili pana kinyama laini kinachozuia mifupa isisagane. Cha huyu kimechomoka, kinabana mshipa wa fahamu unaopeleka habari huku nyuma. Na ninyi mmekwenda kukikandamiza."

"Habari gani zinazopelekwa?" nikauliza.

Akacheka. "Za kutembea, mwanangu. Na za kukojoa."

Hapo ndipo tulipojua hatari ilipo. Dawa ilikuwa kumlaza mahali finyu asigeukegeuke, lakini kibofu lazima kikamuliwe kwa mkono asubuhi na jioni, la sivyo angekufa hata kabla ya hukumu ya baba.

Kuku wakahamia jikoni, mbwa akalazwa bandani mwao juu ya gunia la katani. Baba akajaribu kukamua, hakupata hata tone. Nikajaribu mimi, mbwa akanitazama tu. Tumbo lilikuwa limekaza, anahema. Ndipo mama akavuka ua, akakunja mikono ya gauni, akasema "Bismillahi," akalipapasa tumbo lile kama anavyopapasa la mzazi, akabonyeza kidogo. Mkojo ukatoka. Kisha akanawa mara saba, moja kwa udongo, akaenda kubadili nguo aswali.

Ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Mimi nilishika taa au kata ya maji na kutazama vidole vyake vinavyotafuta mahali. Nikamwuliza, "Mama, wewe humpendi huyu. Mbona unamfanyia hivi?"

"Nani kakwambia mpaka umpende mtu ndiyo umkojoze?"

Nikamsogezea kata ya maji anawe.

Mkia ulianza kutikisika tena kwenye ncha. Baadaye tukapitisha gunia chini ya tumbo lake, nikawa namwinua nyuma huku yeye anatembea mbele. Baba alikuwa akitoka kuangalia mahindi, anapita bandani kuangalia mbwa. Mahindi yakaanza kubeba. Asubuhi moja, baba akiwa amesimama pale na rungu, mbwa akainuka, akayumba mpaka kwenye matembele, akakojoa mwenyewe, amechuchumaa kama jike. Baba akaenda zake kulima. Nililia kwa furaha.

Jioni, saa yake ya kukamuliwa, mbwa akajikokota mpaka mlango wa jiko, akajilaza ubavu mbele ya mama, akangoja.

"Wewe si unakojoa mwenyewe sasa?" mama akamwambia.

Mbwa hakuondoka. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, nikatulia. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi, mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Mama akatazama huku na huku, akafuta kiganja kwenye kanga mpaka kikakauka, akamwekea tumboni.