Rangi ya Ndama wa Masista

Kila mwisho wa mwaka shule yetu ya Kikatoliki pale Garsen hutuma barua nyumbani kwa wazazi. Ni ukurasa mmoja tu: juu habari za shule, chini vikumbusho. Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nikiichapa, kwa sababu kati ya walimu wote ni mimi niliyeelewana na ile kompyuta ya ofisini, na kwa sababu mwalimu mkuu wetu, Sista, alishanijua. Alijua nitanung'unika, lakini nitanung'unika huku nikichapa.

Na la kunung'unikia nilikuwa nalo. Mimi ni mtu wa mambo ya haraka. Mzazi anataka kujua shule inafunguliwa lini na mtoto aje na nini, basi. Nikaandika hivyo: tarehe za kufungua na kufunga muhula, sare, ndoo, shuka mbili za bwenini, vitabu vya maktaba virudi. Sista aliisoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akachora mshale kutoka chini ya ukurasa hadi juu. Habari zitangulie, akasema. Na habari zenyewe alizozitaka zilinishangaza. Mvua imenyesha Garsen siku ngapi. Mto umepanda au umeshuka. Barabara ya Idsowe inapitika. Nyasi za uwanja wa mpira zimefika kwenye kifundo cha mguu. Ng'ombe wa masista amezaa ndama jike. Ndipo zifuate habari za misa ya kufunga mwaka, za kwaya, na za mpishi wetu aliyefiwa na mamake. Vikumbusho vije mwisho kabisa, na visizidi vitano.

Nilimuuliza nyasi za uwanja wa mpira zinamhusu nani. Aliniambia nichape.

Tena barua haikwenda kwa karatasi peke yake. Nilikuwa nimefungua kikundi cha wazazi kwenye WhatsApp, na nilijiona nimeleta maendeleo, lakini wazazi wetu wengi waliishi mahali ambapo simu ni tochi tu. Kwa hiyo katika wiki ya mwisho kila mtoto aliikariri barua yote. Alisimama mbele ya darasa kana kwamba amesimama mbele ya mzazi wake, akaitoa kwa lugha ya kwao, awe Mpokomo, Muorma au Mgiriama, na wenzake wa lugha hiyo wakamsahihisha. Sista alikaa nyuma akisikiliza. Nusu ya maneno hakuyaelewa, lakini mtoto akiruka kitu alimrudisha mwanzo, na sijawahi kujua alitambuaje.

Mwaka ninaousimulia, aliyeitoa vizuri kuliko wote alikuwa msichana wa darasa langu, gredi ya tano, mtoto wa wafugaji wa Kiorma. Alikuwa mrefu, mkimya, na hesabu zake hazikuhitaji kalamu yangu nyekundu. Hakuikariri barua kwa kukimbia kama wenzake. Alisema jambo moja, akanyamaza, kana kwamba kuna mtu anamjibu, halafu akaendelea. Nilimwambia aongeze mwendo. Alinitazama kwa adabu, na mwendo akauacha ulivyokuwa.

Siku moja kabla ya kufunga, kaka yake alikuja kumchukua. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na mvua zikianza ng'ombe huondoka bondeni kwenda kutafuta malisho mapya huko nyikani. Familia nzima ilikuwa inahama. Niliingiwa na hofu, na sitaficha sababu yake. Mwaka uliotangulia wasichana wawili walihama hivyohivyo na hawakurudi. Huyu alikuwa anaingia gredi ya sita, na wiki ya kwanza ya muhula ndiyo tuliyoandikia majina ya watoto wa mtihani. Asipokuwepo wiki hiyo, jina lake halingeandikwa, na mtoto wa kike wa umri ule akikaa mwaka mmoja nyumbani, mara nyingi habari yake shuleni huishia hapo.

Sista alinipa barua ya karatasi yenye muhuri, akaniomba niipeleke kabla hawajaondoka. Nilikodi bodaboda. Tulipita Idsowe, tukaacha lami, tukaingia kwenye ule udongo mweusi unaoshika tairi kama ugali unaoshika mwiko. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Nilifika kwao nikiwa na matope hadi magotini, na hasira zangu ziko karibu.

Baba yake alinipokea vizuri sana. Alinitandikia mkeka nje ya nyumba, ambayo tayari ilikuwa imevuliwa nusu ya mikeka iliyoifunika, kwa ajili ya safari. Nilikuwa sijawahi kuketi kwenye mkeka wa nyumba ya Muorma. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Kulesa, nimelelewa nikisikia ng'ombe wakitajwa pale tu wanapoingia kwenye mpunga na migomba yetu. Akaanza kuniuliza habari. Habari za mvua huko. Nzuri. Habari za mto. Nzuri. Za njia. Nzuri. Za watu, za afya, za amani. Nzuri, nzuri, nzuri. Halafu nikamkabidhi karatasi, nikamweleza kwamba shule inafunguliwa wiki ya kwanza ya Januari na kwamba mtoto lazima awepo, lazima, nikalirudia neno hilo kana kwamba naongea na mtoto wa gredi ya pili.

Mzee aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatazama ng'ombe. Mazungumzo yakafa palepale, na ni mimi niliyeyaua.

Aliyetuokoa ni msichana. Alitoka ndani na chai ya maziwa, akaiweka chini, kisha akasimama mbele ya baba yake, mikono imenyooka, akaanza kuitoa barua. Kiorma nakielewa kidogo, nacho cha sokoni, lakini barua nilikuwa nimeichapa mwenyewe, nikaweza kumfuata. Shule imefunga kwa amani. Baba akaitikia. Mvua imenyesha siku kadhaa. Akaitikia, akauliza jambo, akajibiwa. Mto umepanda. Akauliza umefika wapi. Kumbe zile nafasi alizokuwa akiziacha darasani zilikuwa za baba yake. Alipofika kwenye nyasi za uwanja, mzee aligeuka akaacha kutazama ng'ombe, akauliza ni ng'ombe wa nani wanazila. Alipotaja ndama wa masista, mzee akataka kujua rangi yake. Mimi nilikuwa nimemwona ndama huyo kila siku kwa wiki mbili na nisingeweza kuapa. Msichana alijibu bila kufikiri: mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Mama yake, aliyekuwa akifunga mizigo nyuma ya nyumba, alikuja kusikia. Habari ya mpishi kufiwa ilipofika wote wawili walimwombea marehemu, wakanipa pole ya kumpelekea mpishi.

Niliona haya. Nimesoma chuo cha ualimu, nina cheti cha kufundisha watoto kusikiliza, na yule mtoto na Sista walikuwa wamemwelewa huyu mzee kabla yangu. Kwao mgeni hatamki shida yake kabla hajatoa habari za njia aliyotoka, kwa sababu habari hizo ndizo zinazoamua ng'ombe walale wapi kesho. Mimi nilikuwa nimepita barabara yote ile, nikaona yote, na nikamjibu nzuri.

Kisha vikafuata vikumbusho. Kwa kila kimoja mzee alijibu kwamba amesikia. Ndoo, amesikia. Shuka, amesikia. Kilipofika cha tarehe, aligeuka tena akatazama ng'ombe. Nilifungua mdomo. Msichana alinitazama tu, nikaufunga. Hatimaye baba yake akanigeukia kwa Kiswahili.

"Mwalimu, barua nimesikia. Mimi jibu leo sina. Mvua sijajua nakatika wapi, na ng'ombe nafuata mvua. Jibu nitaleta."

Nilirudi Garsen nimevunjika moyo. Nilimsimulia Sista, nikamwambia mzee amekataa kwa upole. Yeye alikuwa akihesabu vitabu vya maktaba. Aliniuliza jambo moja tu, iwapo mzee aliulizia rangi ya ndama. Nikasema aliulizia. Akarudi kwenye vitabu vyake.

Januari ikafika. Jumatatu mtoto hakuonekana, wala Jumanne. Orodha ya mtihani ilikuwa kwenye meza yangu, na kila aliyeingia ofisini niliinua kichwa. Alhamisi jioni nilitaka kuifunga ili ipelekwe Ijumaa asubuhi. Sista aliichukua, akaniambia kitanda cha msichana bwenini kimeshatandikwa na mstari wake kwenye orodha ubaki. Nilimuuliza tungoje nini. Alisema tungoje jibu, kwa kuwa mwenyewe aliahidi kulileta. Ninamsifu sana Sista, lakini siku ile nilimwona mkaidi, na nilimwambia hivyo. Hakukasirika.

Ijumaa, kengele ya saa mbili ikiwa imeshalia, walifika. Baba mbele, ameshika fimbo yake, msichana nyuma na ndoo kichwani, shuka mbili ndani ya ndoo. Walikuwa wametembea siku mbili, na gari walilipata karibu tu na mjini. Nilisimama nikataka kumshika msichana mkono nimpeleke moja kwa moja kwenye orodha. Mzee aliinua kiganja taratibu. Akampokea binti yake ndoo, akamsogeza mbele ya meza ya Sista, naye akarudi nyuma, akasimama ukutani kusikiliza, kama Sista mwenyewe anavyokaa nyuma ya darasa wiki ya kukariri.

Sista akaweka kalamu chini.

Msichana akanyoosha mikono, akaitoa barua ya kwao, kwa Kiswahili. Wametoka kwa amani. Mvua ilikatika mapema kuliko walivyotaka. Maji yapo lakini ni ya mbali. Ng'ombe watatu wamezaa, mmoja amekufa. Bibi yake aliugua, sasa anakula. Baada ya kila jambo alinyamaza, na Sista akajibu, akauliza, akapewa. Darasani kwangu watoto walikuwa wanapiga kelele bila mwalimu, na kwa mara ya kwanza sikujali. Alipokosea mahali, baba yake aligonga fimbo kidogo sakafuni, naye binti akarudi mwanzo. Alipofika mwisho akavuta pumzi.

"Baba anawakumbusha mambo mawili. Ndama mwekundu asiachwe kunyeshewa. Na ile siku ya kufunga shule mmeiandika wenyewe, msiisogeze, kwa sababu siku hiyo yeye atakuwa langoni tangu alfajiri. Anasema ng'ombe anao wengi, lakini binti anaye huyu mmoja."

Nilimtazama Sista nikingoja ajibu, kwa kuwa ndiye mkuu. Alikuwa ananitazama mimi, mwalimu wa darasa, na mzee pale ukutani naye alikuwa ananitazama mimi.

"Nimesikia," nikasema.

Ndipo mzee akamrudishia binti yake ndoo, na mimi nikaliandika jina.